Mche Ulioshika: Historia Fupi ya Vuguvugu la Ukanda wa Kijani

Tarehe 5 Juni 1977, Siku ya Mazingira Duniani, msafara wa watu uliingia katika uwanja wa Kamukunji, Nairobi, na kupanda miti saba. Miti hiyo ilipandwa kuwaenzi mashujaa wa jamii mbalimbali za Kenya. Mpango wenyewe, uliokuwa chini ya Baraza la Kitaifa la Wanawake wa Kenya, uliitwa Okoa Ardhi Harambee. Baadaye ulipata jina tunalolijua leo: Vuguvugu la Ukanda wa Kijani. Mwaka 2027 vuguvugu hilo litatimiza miaka 50.

Mingi ya miti ile saba haikuishi, na somo hilo halikupotea. Historia ya vuguvugu hili ni historia ya watu waliotambua kwamba kupanda ni kazi ya siku moja, na kulinda ni kazi ya maisha.

Mwanzilishi wake, Profesa Wangari Maathai, alizaliwa mwaka 1940 katika kijiji cha Ihithe, Nyeri. Alisoma Marekani, kisha mwaka 1971 akawa mwanamke wa kwanza Afrika Mashariki na Kati kupata shahada ya uzamifu. Lakini wazo la miti alilipata kwa kuwasikiliza wanawake wa mashambani. Katika vikao vya Baraza walieleza kwamba kuni zimekuwa adimu, maji safi yako mbali, na chakula hakitoshi. Wangari alikumbuka mito na misitu ya utoto wake. Misitu ya asili ilikuwa imefyekwa kupisha misonobari ya biashara, kahawa na chai, vijito vikakauka, na udongo ukawa unachukuliwa na mvua. Jibu lake lilikuwa jepesi kusema: tupande miti.

Alipomwendea mkuu wa idara ya misitu, alimwambia anataka miche milioni 15, yaani mmoja kwa kila Mkenya wa wakati ule. Mkuu huyo alicheka na kuahidi kuitoa bure. Haukupita mwaka kabla ya kubadili msimamo na kudai malipo, kwa kuwa wanawake walikuwa wakiimaliza miche ya serikali. Basi wakaanzisha vitalu vyao. Wataalamu waliona kazi hiyo inahitaji watu wenye stashahada. Wanawake, ambao tangu utotoni walijua kuchagua mbegu na kuziotesha, waliokota mbegu za miti ya kwao na kuzisia katika makopo na vyungu vilivyotoboka. Wakawa mabwana misitu wasio na vyeti.

Hapo ndipo ilipowekwa kanuni iliyolijenga vuguvugu. Kikundi cha akina mama kililipwa senti chache kwa kila mche, lakini hakikulipwa kwa kuupanda tu. Kililipwa kwa mche ulioshika, baada ya kukaguliwa na kuhesabiwa. Miti ilipandwa kwa safu za miche isiyopungua elfu moja, ikawa mikanda ya kijani kuzunguka mashamba na shule. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 msaada wa Umoja wa Mataifa na wa Chama cha Misitu cha Norway uliwezesha vitalu kuenea katika wilaya nyingi. Kwa wanawake wengi fedha hizo ndizo zilizokuwa za kwanza kuzipata wenyewe na kuzipangia matumizi wenyewe.

Wanawake waliozoea kuhesabu kilichobaki hai walianza kuhesabu na mali ya umma. Mwaka 1989 ilibainika kwamba jengo la ghorofa 60 lilikuwa likipangwa kujengwa ndani ya Bustani ya Uhuru, uwanja mkubwa wa wazi katikati ya Nairobi, pamoja na sanamu ya Rais Moi. Wangari aliandika barua za kupinga. Wabunge walisimamisha shughuli zao ili kumshutumu. Vuguvugu liliamriwa kuondoka ofisini ndani ya saa 24, kazi ikahamia nyumbani kwake katika mtaa wa South C. Mahakama nayo iliitupa kesi yake, ikisema hakuwa na haki ya kushtaki kwa jambo hilo. Hata hivyo wafadhili wa nje walirudi nyuma, na jengo halikusimama. Anayepumzika leo chini ya miti ya bustani ile ananufaika na ukaidi wa wachache waliotukanwa hadharani.

Februari 1992 kona ya bustani hiyohiyo ilikaliwa na akina mama waliogoma kula wakidai wana wao waliofungwa kwa sababu za kisiasa. Wangari alikuwa nao. Polisi waliwashambulia kwa marungu na gesi ya machozi, yeye akapigwa hadi akazirai, na baadhi ya akina mama wazee wakavua nguo kuwalaani waliowapiga. Wakahamia Kanisa Kuu la All Saints, wakakaa humo karibu mwaka mzima. Kufikia mwanzoni mwa 1993 karibu wafungwa wote walikuwa wameachiliwa.

Katika miaka hiyo vuguvugu liliendesha semina za uraia vijijini. Washiriki walitaja matatizo yao, kisha wakaulizwa yametoka wapi. Semina hizo zilitumia mfano wa msafiri aliyepanda basi lisilo lake: kwa nini hakuuliza linakokwenda? Wengi waliilaumu serikali, na walikuwa na haki. Lakini walijifunza pia kujiuliza nani aliukata mti wa mwisho shambani, na nani alinyamaza chifu alipogawa ardhi ya umma.

Mtihani mkubwa ulikuja Karura, msitu wa hekta zipatazo elfu moja kaskazini mwa Nairobi, uliokuwa umekatwakatwa ploti na kugawiwa wenye nguvu. Tarehe 8 Januari 1999, Wangari na wenzake walifika langoni kupanda mti wakavamiwa na kundi la walinzi wenye silaha. Akiwa amepasuliwa kichwa, alikwenda kituo cha polisi na kuitia saini taarifa yake kwa damu yake mwenyewe. Wanafunzi wa vyuo vikuu waliingia barabarani. Agosti mwaka huo Rais Moi alitangaza kupiga marufuku ugawaji wa ardhi ya umma.

Mwaka 2002 Wangari alichaguliwa mbunge wa Tetu, kisha akateuliwa naibu waziri wa mazingira. Tarehe 8 Oktoba 2004 ilitangazwa kwamba ametunukiwa Tuzo ya Amani ya Nobel, mwanamke wa kwanza wa Afrika kuipata. Alipopata habari hizo akiwa Nyeri, aliadhimisha kwa kupanda mti, akiuelekea Mlima Kenya.

Alifariki Septemba 2011. Alikuwa ameomba asiwekwe katika jeneza la mbao, hivyo jeneza lake lilitengenezwa kwa mianzi, mafunjo na magugu maji. Vuguvugu liliendelea, na miti iliyopandwa kupitia kwalo imepita milioni 50.

Urithi mwingine wa Wangari umo katika Katiba ya 2010. Ibara ya 42 inampa kila mtu haki ya mazingira safi na yenye afya. Ibara ya 70 inamruhusu kwenda mahakamani kuitetea bila kulazimika kuthibitisha kwamba kuna mtu aliyepata hasara. Mlango aliofungiwa Wangari mwaka 1989 sasa uko wazi kwa kila Mkenya.

Kenya imejiwekea lengo la kupanda miti bilioni 15 ifikapo mwaka 2032. Ni lengo jema. Viongozi hupigwa picha wakiwa na majembe, na takwimu za miche iliyopandwa hutangazwa. Akina mama wa vitalu wangesubiri kwanza, kisha warudi kukagua. Kuwaenzi ni kuwauliza wakubwa swali lao, kila mwaka na kwa kila msitu: imeshika mingapi?