Upitishaji Usiobagua

Mchuuzi wa samaki wa Dunga, Kisumu, akiwa na bando la WhatsApp, picha za mbuta na ngege humfikia mteja wake Kondele kwa shilingi chache. Mteja mwenye bando kama hilo akigusa kiungo cha tovuti ya bei za soko, haifunguki mpaka anunue bando jingine. Simu ni ileile na mnara ni uleule. Kilichobadilika ni ruhusa ya kampuni inayopitisha data.

Kanuni inayopinga upendeleo huo kwa Kiingereza huitwa net neutrality, jina lililoenea tangu mwaka 2003 kwa maandishi ya Tim Wu, msomi wa sheria nchini Marekani. Inamtaka mtoa huduma wa intaneti apitishe data zote kwa masharti yaleyale, asizuie, asipunguze kasi wala asipendelee kwa kutazama zimetoka kwa nani. Haimkatazi kumtoza zaidi anayetumia zaidi. Ndiyo maana "usawa wa mtandao" hainitoshi: msomaji atadhani kisiwa cha Mfangano kimeahidiwa kasi ya mtaa wa Milimani. "Kutoegemea upande" nako kunarudisha akili kwenye siasa za nchi zisizofungamana. Natumia "upitishaji usiobagua", kwa kuwa humtaja mwenye wajibu, yaani mpitishaji.

Kisumu iliuonja ubaguzi wa namna hii zamani. Reli ilifika hapa mwaka 1901, mji ukiitwa Port Florence, na pamba ya Uganda ikawa inavuka ziwa kwa meli kisha kupakiwa kwenye mabehewa kwenda Mombasa. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, mahindi ya walowezi yalisafirishwa kwa nauli maalumu ya chini, na Uganda wakalalamika kwamba pamba yao ndiyo inayofidia pengo. Aliyeishika njia ndiye aliyeamua zao lipi listawi.

Novemba 2014, Airtel na Facebook walileta Kenya huduma ya kufungua tovuti chache bila malipo, iliyokuja kuitwa Free Basics. Watetezi wake walisema kidogo ni afadhali kuliko kukosa kabisa, na kwa asiye na pesa ya bando hoja hiyo ina uzito. India ilipiga marufuku bei za namna hiyo mwaka 2016, na naiunga mkono: anayechagua tovuti za bure huchagua pia nani atasomwa. Kijana wa Kisumu anayeunda programu ya bei za omena anaweza kuwashinda wakubwa kwa ubora, lakini hawezi kushindana na huduma ambayo kuifikia ni bure.

Je, ulinzi huu tuukabidhi serikali? Marekani kanuni ziliwekwa 2015, zikafutwa 2017, zikarudishwa 2024, na mahakama ikazibatilisha Januari 2025. Kwetu kuna tatizo jingine. Mtandao wa Telegram ulikwama nchini wakati wa mitihani ya kidato cha nne, KCSE, mwaka 2023, na mwaka 2024 Mamlaka ya Mawasiliano yenyewe iliziagiza kampuni ziufunge. Wizi wa mitihani ni uovu wa kweli, lakini mfanyabiashara wa Mbita aliyewapata wateja wake huko alifungiwa pamoja na wezi. Sheria ya upitishaji usiobagua ikiandikwa, imbane pia msimamizi: asiamuru huduma izimwe bila idhini ya mahakama, na sababu na muda vitangazwe kabla swichi haijaguswa.