Boma la Mkalama na njia ya miguu iliyolizaa

Ukishuka kwenye basi Iguguno, katika barabara kuu ya Singida kwenda Nzega, utaiona njia inayochepuka kuelekea kaskazini. Ndiyo njia ya Nduguti, makao makuu ya Wilaya ya Mkalama, na ukizidi kusonga inakufikisha Daraja la Sibiti na kuvuka hadi Meatu. Wengi wanaijua kwa alizeti na vitunguu. Wachache wanaijua kama njia ya kwenda Mkalama yenyewe, kijiji kilichoipa wilaya jina, ambako Wajerumani walijenga boma la mawe miaka michache kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia.

Boma hilo linastahili kuendewa kwa miguu, kwa sababu bila miguu halieleweki. Leo mtu akiangalia ramani hujiuliza nini kiliwaleta Wajerumani kujenga Mkalama, mbali na reli na mbali na barabara ya lami. Lakini mahali pa boma palichaguliwa kwa mwendo wa mpagazi. Mpagazi wa msafara alibeba mzigo wa kilo 30 hivi kichwani au begani, na kwa siku alikwenda kilomita 20, akizidisha kidogo au akipunguza kulingana na maji. Maji ndiyo yaliyopanga vituo. Ofisa aliyetaka kukusanya kodi Isanzu na Iramba, na kuwaangalia Wahadzabe wa upande wa Ziwa Eyasi, hakuweza kukaa kwenye boma la Kilimatinde na kutuma barua. Alihitaji kituo kingine huku juu.

Kilimatinde ilikuwa na ukubwa wake. Ilikaa ukingoni mwa mteremko, upande wa Manyoni ya leo, pale ambapo misafara iliyotoka Bagamoyo ilimaliza Ugogo na kujiandaa kuingia Mgunda Mkali, pori kavu lililowatia hofu hata Wanyamwezi waliozaliwa na kukulia katika kazi ya upagazi. Boma la hapo lililinda lango la kwenda Tabora. Kisha ikaja reli. Mwaka 1910 ilifika Dodoma, mwaka 1912 ikafika Tabora, na shughuli zote za serikali na biashara zikaifuata. Mpagazi wa njia hiyo akakosa kazi, na Kilimatinde ikakosa sababu ya kuwa mji mkubwa. Mkalama nayo ilipitia hali hiyo baada ya vita, Waingereza walipoyaweka makao ya utawala Singida. Katika miaka ya 1930 hata Wilaya ya Mkalama ya leo iliguswa na reli, tawi la kutoka Manyoni lilipovutwa hadi Kinyangiri, lakini nalo likaja kung'olewa. Historia ya eneo hili ni historia ya njia zinazohama, na watu wanaobaki.

Mwaka 1912 ilitoka Hamburg makala ya mwanajiografia Erich Obst kuhusu safari yake ya kutoka Mkalama kuingia nchi ya Wakindiga, jina ambalo wageni waliwaitia Wahadzabe. Kwa Wazungu wa wakati ule, Mkalama ilikuwa mlango. Hapo ndipo mgeni alipopata wapagazi, chakula na askari, kisha akaingia porini. Na mwanajeshi Eberhard von Sick, aliyetumikia sehemu hizi, alichapisha mwaka 1915 maelezo marefu juu ya Wanyaturu. Maandishi hayo yametusaidia, lakini yametazama kila kitu kutokea ndani ya boma. Waliokuwa nje ya ukuta hawakuandika.

Na hao wa nje ndio waliojenga. Boma la namna hii halikuhitaji mafundi wengi. Lilihitaji mikono mingi. Ukuta wake ni kuta mbili za mawe zilizosimamishwa sambamba, katikati pakajazwa vifusi na udongo, nje pakasawazishwa. Tundu za kupigia bunduki zilifanywa nyembamba upande wa nje na pana upande wa ndani, ili askari aweze kugeuza mtutu wake kulia na kushoto ilhali mshambuliaji anaona ufa tu. Kila jiwe lilichukuliwa mahali fulani na mtu fulani. Kodi ya nyumba ilianza kutozwa mwaka 1898, na asiyekuwa na rupia alilipa kwa kazi. Ndiyo maana nikisikia mtu akiziita kuta hizi "mali ya Mjerumani" nasikia vibaya. Mjerumani alitoa amri na mchoro. Mawe, mgongo na njaa ya siku za kazi vilikuwa vya watu wa hapa.

Kwa Wanyaturu wa jirani, kumbukumbu ya wakati huo ina jina la mwanamke, Liti, ambaye simulizi zinasema aliwatumia nyuki kuwapiga askari wa Kijerumani. Uwanja wa mpira wa Singida mjini, ulioitwa Namfua, siku hizi unaitwa Liti. Hilo ni jambo jema sana. Ila mtoto anayekwenda uwanjani pale aonyeshwe pia aina ya ukuta ambao Liti alipambana na wenyewe, na ukuta wa namna hiyo upo katika mkoa wake mwenyewe.

Historia ya wakati huo haiko Mkalama peke yake: ukifuata barabara kuu kutoka Iguguno kuelekea Nzega utafika Sekenke, ambako dhahabu iligunduliwa mwaka 1907. Mwaka 1916, Wajerumani wakiwa wamezingirwa na fedha zimewaishia, dhahabu ya Sekenke ilipelekwa Tabora, na katika karakana ya reli zikapigwa sarafu za rupia 15, zaidi ya 16,000. Upande mmoja kuna tembo ameinua mkonga mbele ya milima. Leo wakusanyaji wa sarafu duniani wanauziana vipande hivyo kwa bei kubwa, na wengi wao hawajawahi kulisikia jina la Sekenke.

Kuifuata historia kwa miguu si jambo geni: Ufaransa, watu hutembea siku nzima kati ya vijiji kuzifuata ngome na magofu, na njia ndefu za miguu zilianza kuwekwa alama za rangi mwaka 1947. Lakini wao nao waliharibu kwanza. Baada ya Mapinduzi ya Ufaransa, kanisa kuu la abasia ya Cluny liliuzwa na kubomolewa kwa ajili ya mawe yake. Ndipo mwandishi Prosper Mérimée alipopewa mwaka 1834 kazi ya ukaguzi wa majengo ya kihistoria, akazunguka nchi, na mwaka 1840 ikatoka orodha ya kwanza ya majengo ya kulindwa. Orodha ilitangulia, njia za watembeaji zikafuata.

Kwetu kasoro iko kwenye orodha. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda yenyewe majengo ya kabla ya mwaka 1863. Maboma yote ya Wajerumani ni ya baadaye, kwa hiyo kila moja linahitaji waziri alitangaze. Yaliyobahatika yamepata kazi mpya: Arusha boma la mwaka 1900 ni makumbusho, Iringa jengo la mwaka 1914 lilifunguliwa kuwa makumbusho mwaka 2016, na Mikindani boma la mwaka 1895 lilikarabatiwa likawa hoteli. Hayo yako mijini au pwani, ambako mgeni anapita. Mkalama iko ambako mgeni hapiti, na hivyo tangazo la serikali linahitajika zaidi huku kuliko kule.

Njia yenyewe ipo tayari: Iguguno, Nduguti, Mkalama, kisha Kirumi, kijiji cha watawala wa Wanyisanzu kinachojulikana kwa matambiko ya mvua, na mbele zaidi Munguli kwa Wahadzabe. Kirumi haina ukuta wa kupiga picha, lakini ilikuwa na mamlaka kabla ya boma. Anayetaka kwenda achague kati ya Juni na Septemba, mvua ikiwa imekwisha. Aanzie ofisi ya kijiji, aombe mzee wa kumwongoza na amlipe vizuri, abebe maji ya kutosha, na Kirumi asiingie mahali pa tambiko bila kukaribishwa.