Mdalasini na Ugonjwa wa Kisukari: Historia ya Dai Moja

Jina la mdalasini lenyewe ni hati ya historia. Asili yake ni Kiajemi, darchini, yaani mti wa China. Waarabu walilitamka darsini, na kwa njia ya biashara ya baharini likaingia katika Kiswahili. Hata hivyo mti unaoitwa hivyo katika mashamba ya Unguja na Pemba si wa China. Ni mdalasini wa Sri Lanka, Cinnamomum verum, ambao gome lake ni jembamba na hujikunja kama karatasi. Ule wa China, Cinnamomum cassia, una gome nene, gumu na kali zaidi ulimini. Jina moja limebeba miti miwili, na utata huo uliowasumbua wanunuzi wa kale uliingia pia katika maabara za karne ya 20.

Wafanyabiashara wa kale hawakuwa na haja ya kuuondoa. Herodotus, katika karne ya 5 K.K., alisimulia habari za ndege wakubwa wa Arabuni waliojenga viota vyao kwa vijiti vya mdalasini. Wenyeji waliwawekea vipande vizito vya nyama, ndege wakavibeba, na viota vikaporomoka kwa uzito. Pliny wa Roma, aliyeandika mnamo mwaka 77 B.K., aliikataa hadithi hiyo akisema kwamba ilitungwa ili kupandisha bei. Naye pia alikosea, kwani aliamini kuwa zao hilo lilitoka Ethiopia. Bandari za pwani ya Somalia ndizo zilizouza magome hayo kwa meli za Misri ya Kirumi, na mnunuzi akadhani kwamba aliponunulia ndipo yalipoota.

Dai la kwamba mdalasini unawafaa wagonjwa wa kisukari katika sura yake ya kisayansi ni changa mno. Mwaka 1990 Richard Anderson na wenzake, katika kituo cha utafiti cha Wizara ya Kilimo ya Marekani huko Beltsville, walitangaza kwamba mdalasini, pamoja na viungo vingine kadhaa, uliongeza nguvu ya insulini katika majaribio ya maabara. Jambo hilo lilikuwa na uzito. Katika kisukari cha aina ya pili, kwa kawaida insulini ipo lakini mwili hauitii ipasavyo; kitu cha kuufanya uitii kingekuwa na thamani kubwa.

Wakati huohuo fikra nyingine ilikuwa imekwisha kukomaa. Denham Harman alikuwa amependekeza mwaka 1956 kwamba uzee husababishwa na radikali huru, chembe zinazozaliwa mwili unapotumia oksijeni. Na mwaka 1985 Helmut Sies aliipa jina hali ya oksidisho kuzidi kinga za mwili. Sukari inapokuwa nyingi katika damu, chembe hizo huongezeka, nazo huhusika katika kuharibu mishipa, macho na figo. Mdalasini una polifenoli nyingi, ambazo katika chupa ya maabara huzima radikali hizo. Hapo ndipo lilipozaliwa tumaini la antioksidanti, ingawa mwili wa mwanadamu si chupa. Jaribio kubwa lililotangazwa mwaka 2000, likiwa na watu zaidi ya 9,000, wakiwemo wagonjwa wengi wa kisukari, lilionyesha kwamba vitamini E, antioksidanti mashuhuri, haikupunguza maradhi ya moyo.

Habari iliyoenea duniani ilitoka Peshawar, Pakistani, mwaka 2003. Wagonjwa 60 walipewa gramu 1, 3 au 6 za unga wa mdalasini kila siku kwa siku 40, au vidonge vya unga wa ngano. Sukari ya damu kabla ya kula ilipungua kwa asilimia 18 hadi 29 katika makundi ya mdalasini. Maneno mawili aghalabu huachwa hadithi hiyo inaposimuliwa: mdalasini uliotumiwa ulikuwa ule wa China, na wagonjwa walikuwa wakiendelea kumeza dawa zao za kisukari. Anayeziacha dawa hizo kwa kutegemea Peshawar amekisoma kisa nusu.

Jaribio la Uholanzi la mwaka 2006, kwa wanawake 25, halikuona faida yoyote. Mwaka 2012 uchunguzi wa Cochrane ulikusanya majaribio 10 yenye watu 577, ukaona ushahidi hautoshi. Ama kuhusu oksidisho lenyewe, kazi inayotajwa sana ni ya Roussel na wenzake, Ufaransa, mwaka 2009: watu 22 walifuatiliwa kwa wiki 12, na wale waliopewa dondoo la mdalasini walionyesha dalili za oksidisho kupungua katika damu. Lakini watu hao walikuwa wanene ambao sukari yao ilikuwa imepanda kidogo. Hawakuwa bado wagonjwa wa kisukari. Matokeo hayo yamenukuliwa mara nyingi kana kwamba walikuwa wagonjwa, na mnukuzi wa namna hiyo hatofautiani sana na msimulizi wa ndege wa Arabuni.

Utata wa majina nao ukarudi. Mdalasini wa China una kumarini nyingi, kemikali inayoweza kudhuru ini la baadhi ya watu; ule wa Sri Lanka unayo kidogo sana. Wataalamu wa serikali ya Ujerumani, walioanza kutoa onyo hilo mwaka 2006, wamekadiria kwamba mtu mwenye uzito wa kilo 60 hufikia kiwango cha juu kinachoruhusiwa kwa matumizi ya kila siku akila gramu 2 tu za unga wa mdalasini wa China. Kwa hiyo makundi mawili kati ya matatu ya Peshawar yalikipita kiwango hicho. Mgonjwa anayechagua gome la Sri Lanka huikwepa kumarini, lakini gome analotia katika chai yake silo lililopimwa huko Peshawar.