Herufi Moja Katika Damu

Katika tafsiri za mada za afya zinazoletwa darasani kwetu hapa Bujumbura, hujitokeza sentensi kama hii: "Waafrika hawana protini ya Duffy, kwa hiyo hawapati malaria." Sarufi yake haina kosa. Historia ndiyo inayoikataa.

Alama ya Duffy iligunduliwa London mwaka 1950 juu ya chembe nyekundu za damu, ikapewa jina la mgonjwa. Mwaka 1975 Louis Miller na wenzake, nchini Marekani, walionyesha kuwa Plasmodium knowlesi, kimelea cha kima wa Asia, huingia katika chembe za binadamu zenye alama hiyo na hushindwa kuingia katika zile zisizo nayo. Mwaka 1976 walibaini kuwa Plasmodium vivax hufuata kanuni hiyohiyo.

Je, jeni yenyewe imepotea? La hasha. Mwaka 1995 watafiti wa Ufaransa walieleza kuwa jeni ni nzima. Kilichobadilika ni herufi moja tu katika sehemu inayoiamuru. Kwa sababu hiyo, chembe nyekundu zinapokomaa ndani ya uboho, protini haitengenezwi. Katika seli za mishipa ya damu huendelea kutengenezwa. Ni kama neno lililomo kwenye kamusi, ila katika chumba kimoja cha nyumba halitamkwi.

Wanyama nao wana lahaja zao. Mwaka 2009 Jenny Tung na wenzake walichapisha utafiti kuhusu nyani wa Amboseli, Kenya. Kwao pia tofauti ndogo katika sehemu inayoiamuru jeni hiyo huambatana na uwezekano wa kuambukizwa Hepatocystis, jamaa wa vimelea vya malaria. Lakini kwa nyani kiwango hupanda na kushuka. Kwa binadamu, chembe nyekundu hunyamaza kabisa.

Hatari ya sentensi ile iko wapi? Plasmodium falciparum haitegemei Duffy. Ndiyo iliyoleta mlipuko wa mwaka 2000 hadi 2001 huko Kayanza, Ngozi na Karuzi. Isitoshe, tangu mwaka 2010 tunajua kuwa huko Madagaska vivax imewaugua hata wasio na alama hiyo.

Kwa hiyo tunapendekeza: "Kwa Waafrika wengi wa ukanda wetu, jeni ya Duffy ipo ila imenyamaza katika chembe nyekundu, hali hiyo hupunguza malaria ya vivax, haizuii ya falciparum." Sentensi ni ndefu, lakini msomaji wake hataacha kutundika chandarua.