Jina Bila Mwenyewe: Watoto wa Afrika Mashariki katika Historia ya Seli-Uaji

Katika nyanda za Getanuwas, kati ya Mbulu na Hanang, ng'ombe hatambuliwi kwa rangi yake peke yake. Wafugaji wa Kidatoga humtia alama ya ukoo kwa chuma cha moto, na alama hiyo hueleza mnyama ni wa nani, na aulizwe nani akipotea. Mnyama asiye na alama hutiliwa shaka.

Naianzia makala hii machungani kwa sababu mbili. Kwanza, baadhi ya askari wakuu wa mwili dhidi ya saratani, seli ambazo wanasayansi waliziita seli-uaji asilia, hufanya kazi kwa kanuni inayokaribiana sana na hiyo. Pili, historia ya kuzifahamu seli hizo inapita Kampala na Nairobi, katika miili ya watoto wa ukanda huu, nasi hatuifundishi.

Mwaka 1957, katika Hospitali ya Mulago, daktari mpasuaji Denis Burkitt alionyeshwa mtoto mwenye uvimbe wa ajabu uliojaa taya zote. Mwaka uliofuata aliandika juu ya saratani hiyo, ambayo leo inaitwa limfoma ya Burkitt. Mwishoni mwa 1961, miezi ileile Tanganyika ilipokuwa ikijiandaa kupokea Uhuru, alisafiri kwa gari na wenzake wawili kutoka Kampala hadi Afrika Kusini na kurudi, akiuliza hospitali baada ya hospitali kama zimeuona ugonjwa huo. Aligundua kwamba hufuata joto na mvua, na karibu na ikweta hutoweka panapozidi takriban mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Kwa maneno mengine, uliandamana na malaria. Mwaka 1964, mjini London, Anthony Epstein, Bert Achong na Yvonne Barr walikuta katika uvimbe uliotoka Uganda virusi ambavyo sasa vinaitwa vya Epstein na Barr. Hivyo ndivyo virusi vya kwanza kuhusishwa na saratani ya binadamu.

Nairobi nayo ilikuwa na swali lake. Katika Hospitali ya Taifa ya Kenyatta, daktari Peter Clifford aliona kwamba baadhi ya watoto walipona moja kwa moja baada ya dozi chache tu za dawa. Je, mwili wenyewe ulikuwa unashiriki vita? Ili kupata jibu, vipande vya uvimbe na damu vilisafirishwa kwa ndege hadi Taasisi ya Karolinska, Stockholm, kwa Eva Klein na mumewe George. Eva alizaliwa Budapest mwaka 1925, akanusurika mateso ya Wayahudi, akahamia Sweden mwaka 1947. Huko akawa mmoja wa wataalamu wakubwa wa kinga ya mwili dhidi ya saratani.

Mwaka 1967, kutokana na uvimbe wa kijana wa miaka 16, maabara ya akina Klein ilifanikiwa kuotesha seli zisizokoma kugawanyika. Ukoo huo wa seli uliitwa Daudi. Mpaka leo maabara yoyote duniani inaweza kuuagiza kwa fedha.

Miaka michache baadaye, wanafunzi na wenzake Eva Klein walikutana na jambo lililowasumbua. Elimu ya wakati huo ilifundisha kwamba seli ya kinga haiui mpaka ifundishwe kwanza, kama inavyofanyika kwa chanjo. Lakini katika majaribio, seli za panya ambao hawakuwa wamechanjwa, waliowekwa kwa ajili ya kulinganisha tu, nazo ziliua seli za saratani. Wengi walidhani hiyo ni dosari ya jaribio. Rolf Kiessling, Eva Klein na Hans Wigzell hawakuipuuza. Mwaka 1975 waliandika kwamba hizo ni seli za aina ya pekee, wakazipa jina la seli-uaji asilia. Nchini Marekani, Ronald Herberman alifikia jambo hilohilo kwa njia yake.

Zilimjuaje adui bila kufundishwa? Jibu lilitoka Stockholm pia, kwa Klas Kärre na wenzake, katika makala ya mwaka 1986. Karibu kila seli ya mwili hubeba juu ya ngozi yake molekuli ambazo kwa binadamu huitwa HLA. Hizo ndizo alama za ukoo. Seli ya saratani mara nyingi huzitupa alama hizo ili ijifiche mbele ya askari wengine wa kinga, wanaohitaji kuzisoma kabla ya kushambulia. Seli-uaji hufanya kinyume: inapokutana na seli isiyo na alama, breki yake huachiliwa, nayo huua.

Hapa Daudi anarudi. Seli za ukoo huo zina kasoro katika jeni moja, na kwa sababu hiyo alama za HLA hazifiki juu ya seli. Mwaka 1988 watafiti walirudisha jeni iliyokosekana. Alama zikatokea, na mashambulizi yakapungua. Hivyo kanuni iliyobuniwa kwa panya ilipata ushahidi katika seli za binadamu. Daudi na mwenzake Raji, ukoo wa seli uliotoka kwa mtoto wa Nigeria mwaka 1963, bado hutumika kupima dawa za kingamwili, zile zinazojishika kwenye saratani na kuziita seli-uaji zije kumaliza kazi. Ukoo mwingine wa limfoma ya Burkitt, Namalwa, ulikuzwa katika matangi ya kampuni ya Wellcome nchini Uingereza ili kutengeneza interferoni, dawa ambayo miongoni mwa kazi zake ni kuzichochea seli-uaji.

Sisemi kwamba Clifford au akina Klein walikuwa wezi. Clifford alitibu watoto ambao bila yeye wangekufa, na Eva Klein alitafuta elimu kwa uaminifu. Hoja yangu ni ya mfumo. Uvimbe uliondoka Afrika, na elimu, hataza na viwanda vikaota kwingine. Kilichobaki kwetu katika kumbukumbu ni jina la kwanza, bila ukoo, bila kijiji, bila mwenyewe. Marekani, familia ya Henrietta Lacks, ambaye seli zake zilichukuliwa mwaka 1951, ilifikia suluhu na kampuni moja mwaka 2023. Ukoo wa Daudi hauna wa kumwakilisha.

Watu wa Hanang hawahitaji kufafanuliwa sana jambo hili. Makumi ya maelfu ya ekari za malisho ya Wabarbaig yaligeuzwa mashamba ya ngano ya NAFCO kwa msaada wa Kanada, na mwaka 1985 Mahakama ya Rufani ilitengua ushindi ambao kijiji cha Mulbadaw kilikuwa kimeupata Mahakama Kuu. Mashamba hayo yalitetewa kwa hoja ileile: manufaa ya wengi. Lakini manufaa ya wengi hayamwondolei mtu haki ya kuulizwa kwanza.

Leo hali imebadilika kwa kiasi. Nchini mwetu, utafiti wa afya hupitia kamati ya maadili ya Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, na sampuli haivuki mpaka bila mkataba wa uhamishaji. Kisumu, watafiti wa Kenya na wenzao wa Marekani huchunguza seli-uaji za watoto wenye limfoma ya Burkitt na walioumwa malaria mara kwa mara, na majina ya Wakenya yamo kwenye makala hizo. Hata hivyo, Itifaki ya Nagoya ya mwaka 2010, inayogawana faida za rasilimali za kijenetiki, haihusu vinasaba vya binadamu. Ulinzi wetu, basi, ni mikataba tunayoiandika wenyewe.

Kwa hiyo nawaomba wanaokaa kwenye kamati hizo, na wanafunzi watakaozirithi, wasiweke sahihi kabla ya kuuliza mambo matatu. Je, mzazi ameelezwa kwa lugha anayoielewa, iwe Kidatoga au Kiiraqw, kwamba seli za mwanawe zinaweza kuishi kuliko mwanawe? Je, mkataba unasema nani atapata nini iwapo sampuli itazaa dawa au ukoo wa seli unaouzwa? Na je, dawa hiyo ikipatikana, itafika Haydom, ambako mama wa Getanuwas anaweza kumpeleka mtoto, au ataambiwa aanze safari ya kwenda Moshi, Mwanza au Dar es Salaam akiwa na nauli ya kwenda tu?