Mkutano Mkuu Maalumu wa Kijiji: Namna Unavyoitishwa Mgogoro wa Ardhi Unapotokea

MTWARA – La mgambo likilia, kuna jambo. Kwa wananchi wa vijiji vya mwambao wa Ghuba ya Mnazi, mkoani Mtwara, jambo hilo linaweza kuwa kipande cha ufukwe, shamba la minazi na mikorosho, au diko ambalo wavuvi wamekuwa wakishushia samaki tangu enzi za babu zao.

Ukanda huo una thamani kubwa kwa Taifa. Gesi asilia iligunduliwa Ghuba ya Mnazi mwaka 1982, na mwezi Oktoba 2015 kilizinduliwa kiwanda cha kuchakata gesi cha Madimba pamoja na bomba linaloisafirisha hadi Dar es Salaam. Eneo hilohilo lina Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, iliyoanzishwa mwaka 2000 ikiwa na ukubwa wa takriban kilomita za mraba 650, ambayo ndani yake mna vijiji vyenye wakazi. Pale ambapo mvuvi, mkulima, mwekezaji na mhifadhi wanahitaji ardhi moja, ni muhimu kila mwananchi afahamu chombo chenye kauli ya mwisho ndani ya kijiji na namna ya kukiitisha.

Mwenye kauli ni nani?

Kwa mujibu wa Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya) Na. 7 ya mwaka 1982, Mkutano Mkuu wa Kijiji ndicho chombo chenye mamlaka ya juu katika masuala yote ya sera za kijiji. Wajumbe wake ni wakazi wote wa kawaida wa kijiji waliotimiza umri wa miaka 18. Sheria haiulizi mtu amezaliwa wapi, ana shamba kubwa kiasi gani, au ni mwanamume ama mwanamke.

Halmashauri ya Kijiji, yenye wajumbe kati ya 15 na 25, ndiyo inayotekeleza shughuli za kila siku. Hata hivyo, Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka 1999 inaitaja Halmashauri hiyo kuwa msimamizi wa ardhi ya kijiji mfano wa mdhamini anayetunza mali kwa niaba ya wanufaika, ambao ni wanakijiji. Kwa sababu hiyo, Halmashauri ya Kijiji hairuhusiwi kugawa ardhi au kutoa hakimiliki ya kimila bila kupata kwanza idhini ya Mkutano Mkuu.

Neno “kwanza” lina uzito. Chukulia kwamba Halmashauri ya Kijiji imeketi na kumkubalia mwombaji eneo la ufukweni, kisha wananchi wakaarifiwa wakati nguzo za uzio zimekwisha simikwa. Utaratibu uliowekwa na sheria utakuwa umerukwa, hata kama mwombaji ana nia njema na kijiji kinahitaji mapato.

Kuitisha mkutano

Mikutano ya kawaida ya Mkutano Mkuu wa Kijiji hufanyika kila baada ya miezi mitatu, na humo ndimo wananchi husomewa mapato na matumizi. Lakini mgogoro hausubiri robo mwaka imalizike. Linapotokea jambo la dharura, Mwenyekiti wa Kijiji huitisha mkutano maalumu, naye Afisa Mtendaji wa Kijiji, ambaye ni katibu, hutoa tangazo na kuandika muhtasari.

Wananchi wanaotaka mkutano wa aina hiyo wanashauriwa kupeleka ombi lao kwa maandishi kwa Mwenyekiti na kwa Afisa Mtendaji, likieleza jambo linalolalamikiwa, mahali eneo lilipo na uamuzi unaoombwa. Nakala moja ibaki mikononi mwa waombaji ikiwa na tarehe na saini ya aliyeipokea. Ombi la mdomo husahaulika, na mara nyingine hukanwa.

Tangazo la mkutano linapaswa kutaja siku, saa, mahali na ajenda, na kufika katika kila kitongoji kwa ubao wa matangazo na kwa mbiu. Ajenda isemwe waziwazi. Tangazo linalosema “masuala ya maendeleo” huku jambo lenyewe likiwa ni kugawa ufukwe halimwezeshi mwananchi kujiandaa. Saa nayo izingatie maisha ya watu: mkutano ulioitishwa wakati wavuvi wako baharini au akina mama wako mashambani utaamuliwa na wachache.

Siku ya mkutano, mahudhurio yaorodheshwe, akidi ithibitishwe kabla ya ajenda kufunguliwa, na idadi ya kura za ndiyo na za hapana iandikwe katika muhtasari. Mgogoro ukifika mbele ya vyombo vya juu, muhtasari huo ndio utakaoonesha kama idhini ilitolewa au haikutolewa.

Mipaka ya mkutano

Si kila ugomvi wa ardhi ni wa Mkutano Mkuu. Majirani wawili wanaogombania mpaka wa mashamba yao wanapaswa kwenda Baraza la Ardhi la Kijiji, lenye wajumbe 7, watatu kati yao wakiwa wanawake. Kazi ya Baraza hilo ni kusuluhisha. Tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2021, Mabaraza ya Kata nayo yamebaki na jukumu la usuluhishi, na mashauri yasiyosuluhika huamuliwa na Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya.

Endapo Serikali inakusudia kuhamisha ardhi ya kijiji kuwa ardhi ya jumla au ya hifadhi, eneo lisilozidi hekta 250 huhitaji Mkutano Mkuu kuridhia au kukataa. Eneo linalozidi kiasi hicho huamuliwa na Waziri baada ya kupokea mapendekezo ya Mkutano huo. Katika hali zote mbili, uhamisho haukamiliki kabla ya makubaliano kuhusu aina, kiasi, namna na wakati wa kulipa fidia.

Kwa vijiji vilivyomo katika hifadhi ya bahari, ipo pia Sheria ya Hifadhi za Bahari na Maeneo Tengefu Na. 29 ya mwaka 1994, inayozitambua Halmashauri za Vijiji kuwa washiriki katika maamuzi ya hifadhi. Hivyo, idhini ya Mkutano Mkuu pekee haimpi mtu ruhusa ya kukata mikoko au kujenga juu ya matumbawe.

Mkutano usipoitishwa

Viongozi waliochaguliwa Novemba 27, 2024 wamepewa dhamana ya miaka mitano, na dhamana hiyo ina uwajibikaji. Ikiwa wanakijiji wasiopungua 100 watalalamika kwa maandishi kwa Halmashauri ya Wilaya kwamba Halmashauri ya Kijiji haisimamii ardhi kwa mujibu wa sheria, Halmashauri ya Wilaya inalazimika kutafuta suluhu. Ikishindikana, suala hupelekwa kwa Kamishna wa Ardhi.

Njia hiyo ni ndefu, na mara nyingi inaweza kuepukwa kwa mkutano mmoja ulioitishwa kwa wakati. Uamuzi uliofanywa hadharani, kwa ajenda iliyotangazwa na kura zilizohesabiwa, humlinda mwanakijiji asipoteze ardhi yake, humlinda mwekezaji asijenge mahali penye shauri, na humlinda kiongozi dhidi ya tuhuma. Uwanja wa kijiji unatosha kwa kazi hiyo, mradi kila aliyetimiza miaka 18 apate taarifa mapema na ahudhurie.