Neno "Bepari" na Haki ya Mhusika

Katika masomo ya fasihi twatakiwa mara nyingi kumweleza mhusika ambaye maisha yake ya nyuma yana doa. Hapo neno moja laweza kumtendea haki au kumdhulumu. Mfano mzuri wa jambo hili tunaupata kwa mwana wa Mkoa wa Mara.

Mwalimu Julius Kambarage Nyerere alizaliwa Butiama mwaka 1922. Lugha ya kwao ilikuwa Kizanaki. Kiswahili kilikuwa lugha ya kujifunza, kama kilivyokuwa kwa Wajita wa Musoma na Waikizu wa Bunda. Alianza shule Mwisenge, mjini Musoma, mwaka 1934. Anayejifunza lugha namna hiyo huzoea kuyapima maneno yake.

Mwaka 1969 ilichapishwa tafsiri yake ya mchezo wa Shakespeare, The Merchant of Venice, nayo aliiita Mabepari wa Venisi. Jina la Kiingereza lataja mfanyabiashara mmoja. Mwalimu alitaja wengi. Tena hakusema wafanyabiashara wala matajiri. Neno "bepari" lina asili ya Kihindi, na hapo zamani lilimaanisha mfanyabiashara tu, bila lawama. Baadaye siasa ililipa maana ya mwenye mali anayeishi kwa jasho la wengine, na Azimio la Arusha la 1967 liliukataa ubepari waziwazi. Basi neno lenyewe lina maisha yake ya nyuma.

Kwa wingi huo, lawama haimwelemei tena Shylock peke yake, yule Myahudi mkopeshaji aliyechukiwa hata kwa dini yake. Kabla mchezo haujaanza, Bassanio amekwisha kutapanya mali yake na kuzama katika madeni. Antonio amekwisha kumtukana Shylock na kumtemea mate. Na mbele ya hakimu, Shylock anawakumbusha wakubwa wa Venisi kwamba wao wenyewe wamenunua watumwa. Ni nani basi aliye safi?

Hata hivyo, neno lililofaa kwa jamii nzima halitoshi kwa kila mtu. Antonio hukopesha bila riba. Tukimwita bepari kwa maana ya Azimio, twamzulia. Bassanio ni mbadhirifu, si mwizi. Shylock ni mla riba, lakini "mhalifu" si neno la kueleza maisha yake ya nyuma, kwani hata mapatano yake na Antonio yaliandikwa kisheria. Kisasi chake ni kiovu, nacho kilizaliwa katika kuonewa. Anayeacha kutaja kuonewa huko amesema nusu ya kweli.

Yafaa, basi, mwanafunzi anapoandika kwamba mhusika fulani ni "mtu mbaya", mwalimu amwulize maswali matatu: Alitenda nini? Alitendwa nini? Ni neno gani linalobeba yote mawili, bila kuongeza wala kupunguza? Mazoea hayo hayaishii darasani. Kijana aliyejifunza kumpima Shylock kwa matendo hataharakisha kumwita jirani yake mwizi au mchawi kwa sababu ya uvumi. Majina ya namna hiyo yamekwisha kuwaangamiza watu wasio na hatia.